Nahau Husemwa na Nani?

Mwaka 2014 niliandika barua ya kuomba kazi ya ofisa habari kwenye shirika moja hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina shida ya kazi kwelikweli, na nina kaunta buku lililojaa misemo ya Kiingereza niliyoikusanya tangu kidato cha kwanza. Nikauchagua ule niliouona mtamu kuliko yote. Nikaandika kwamba mimi ni "Jack of all trades". Kwenye kaunta buku langu maana yake ilikuwa: mtu anayeweza kazi nyingi. Sasa nani asiyemtaka mtu wa namna hiyo ofisini kwake?

Siku ya usaili, mama mmoja wa makamo aliisoma ile sentensi kwa sauti, taratibu, kisha akavua miwani. "Mwanangu, huu msemo una mkia. Unaujua mkia wake?" Sikuujua. Akanitajia: "master of none". Yaani anagusa kila kazi na hakuna hata moja anayoimudu. Wenzake wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumsitiri mtu. Kazi sikupata, na sitasema niliikosa kwa sababu ya Jack peke yake. Lakini kwenye daladala ya kurudi Mbagala nilikuwa nawaza jambo moja tu: ile misemo mingine yote niliyoiandika kwa wino mwekundu, ni mingapi ina mikia nisiyoijua?

Wengi wetu tunajua misemo ile ilitoka wapi. Kuna kitabu chembamba kinaitwa "First Aid in English", cha Angus Maciver, kilichochapwa Glasgow mwaka 1938 kwa ajili ya watoto wa shule za Uskoti. Kimezunguka Afrika Mashariki kiasi kwamba ukitaja jina lake mbele ya watu waliosoma shule za Kiingereza, kuna atakayeanza kukuimbia majina ya makundi ya wanyama. Ni kitabu cha orodha. Mlio wa huyu, makazi ya yule, mtoto wa yule mwingine, mtulivu kama tango. Mimi nilisoma shule ya msingi ya serikali, kwa Kiswahili, kwa hiyo nilikikuta sekondari kwa rafiki yangu na nikakinakili karibu chote kwa mkono. Sikidharau. Kilinipa maneno wakati ambao sikuwa na chochote. Ila kilinifundisha pia kwamba neno ni kitu cha kuokota na kuweka mfukoni, na kwamba mwenye mfuko mzito ndiye msomi.

Baada ya aibu ya usaili nikanunua kitabu kingine, na hicho ndicho ninachotaka tukijadili leo. Ni "English Vocabulary in Use" cha Michael McCarthy na Felicity O'Dell, kilichotolewa na Cambridge University Press mwaka 1994 kwa wanafunzi waliokwishavuka ngazi ya kati. Nilikipata Posta, kwa wale wanaopanga vitabu vilivyotumika chini pembeni mwa barabara, mmiliki wa kwanza akiwa ameshajaza nusu ya mazoezi kwa penseli, mengi yakiwa ya makosa. Kina masomo 100. Kila somo kurasa mbili: kushoto maelezo, kulia mazoezi, majibu yako mwisho wa kitabu. Nilikisoma usiku baada ya zamu gazetini, na kilinichukua karibu miaka miwili.

Niseme wazi kwamba ni kitabu kizuri. Uzuri wake mkubwa ni kukuonyesha kwamba maneno hayatembei peke yake. Mimi nilikuwa naandika "big rain" kwa sababu kwetu mvua ni kubwa. Waingereza mvua yao ni nzito, na mvutaji sigara wao naye ni mzito, lakini chai yao ina nguvu wakati yetu imekolea. Hakuna anayeweza kukueleza kwa nini. Na sisi je? Mgeni akikuuliza kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki na kupiga deki, utamjibu nini? Utamwambia ndivyo tunavyosema, basi. McCarthy na O'Dell wana ujasiri wa kusema hivyohivyo, kisha wanakupa mazoezi mpaka sikio lizoee. Kwa mtu aliyelelewa na orodha, huo ulikuwa ukombozi.

Somo lililonichekesha ni lile la vichwa vya habari vya magazeti. Waandishi wanaeleza kwamba wahariri wa Kiingereza wana msamiati wao wa maneno mafupi, yanayotoshea kwenye nafasi finyu na kupiga kelele kuliko maneno ya kawaida. Mtu hapunguzwi kazi, anakatwa kwa shoka. Nililisoma nikiwa chumba cha habari, na nikajiuliza nani atatuandikia somo kama hilo la magazeti yetu. Mchukue mgeni aliyesoma Kiswahili kwa kamusi, mpe gazeti la mwanzoni mwa 2016, aone ofisa fulani "atumbuliwa". Kamusi itampeleka kwenye jipu na usaha. Itambidi aambiwe kwamba Rais Magufuli alipoingia madarakani mwishoni mwa 2015 alisema atatumbua majipu, kwamba majipu yalikuwa watendaji wabovu, na kwamba katika miezi michache tu neno lilihama kutoka jukwaani hadi kijiweni hadi kwenye utani wa mume na mke. Na hata akiambiwa hayo, bado hajui jambo moja muhimu: mtu aliyetumbuliwa mwenyewe hawezi kwenda kuomba kazi nyingine akaandika kwenye barua yake "nilitumbuliwa". Hilo ni neno la wengine juu yake.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na kitabu hiki.

Ndani ya kitabu kuna mfululizo wa masomo ya nahau: za kuelezea watu, za hisia, za kusifu na kulaumu, za hali ngumu, kisha methali. Zimepangwa kwa mada, kama nguo kwenye kabati. Unakutana na watu wenye moyo wa dhahabu ukurasa uleule na wagumu kama misumari. Kila nahau ina maana yake fupi na sentensi moja ya mfano. Halafu unahamia kulia kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mimi nilijaza, nikapata 9 kati ya 10, na wiki iliyofuata nilikuwa nimezichanganya zote, kwa sababu ukimwekea mtu nahau kumi za tabia kwenye sahani moja anazila kama pilau, hajui punje ipi ilikuwa ipi.

Moja tu iliganda. Kitabu kinasema mtu asiye na uchangamfu, asiyeonyesha hisia, ni "cold fish". Samaki wa baridi! Mimi nimekulia jirani na watu wanaoamka saa 10 usiku kwenda Feri kununua samaki. Samaki wa baridi kwetu ni wa barafu, yaani wa jana au juzi, yule ambaye muuzaji anammwagia maji ili ang'ae. Ningeukuta msemo huu bila maelezo ningeapa kwamba unamhusu tapeli, mtu anayejifanya mpya kumbe ameshaharibika. Nililazimika kubishana nao, na ndiyo maana sijausahau mpaka leo. Kitabu hakikupanga mabishano hayo. Kilitokea tu kunikuta nina Feri yangu kichwani.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki: McCarthy alijua. Pamoja na Ronald Carter wa Chuo Kikuu cha Nottingham alijenga hazina ya maneno milioni 5 ya mazungumzo halisi, yaliyorekodiwa watu wakiwa majumbani, madukani, kazini. Mwaka 1998 alitoa kitabu cha kitaaluma kuhusu lugha ya kuzungumza, na humo aliangalia nahau zinatokea wapi hasa watu wanapoongea. Kwa ufupi, alionyesha kwamba nahau mara nyingi haileti habari. Habari imeshasemwa, nahau inakuja baadaye, kuitolea hukumu. Tena mara nyingi anayehukumiwa ni mtu wa tatu, asiyekuwepo. Msemaji na msikilizaji wanakuwa upande mmoja, yule mwingine anapimwa.

Niliposoma hoja hiyo nilicheka peke yangu. Profesa wa Nottingham alikuwa anaelezea kibaraza cha bibi yangu! Pale kibarazani hakuna aliyewahi kumwambia mtu usoni kwamba ana mkono wa birika. Kwanza ilisimuliwa kisa: harusi ilikuwa, michango ikaitishwa, fulani akatoa kiasi fulani. Kimya kidogo. Kisha mmoja anashusha pumzi, anasema, "Yule naye, mkono wa birika." Wengine wanaguna. Nahau imefunga kesi. Sasa fikiria mtoto anayefundishwa darasani kwamba mkono wa birika maana yake ni uchoyo, nukta, tunga sentensi. Atatunga: "Mwalimu wetu ana mkono wa birika." Sarufi safi, vema nyekundu kubwa, na kesho nje ya darasa atakula kibao.

Na mimi na Jack wangu? Ni hukumu inayotolewa juu ya mtu. Hata usipoutia mkia, wa kuutamka ni mwingine. Nilikuwa nimejihukumu mwenyewe kwa maandishi, nikatia saini.

Kosa lenyewe lina tabaka jingine ambalo orodha haiwezi kulionyesha. Kwenye gazeti la Kiswahili, mzee maarufu akiondoka tunaandika "amefariki dunia". Kwenye salamu za rambirambi ni "ametutoka". Kwa Waislamu wengi "ametangulia mbele ya haki". Dereva wa bodaboda akimsimulia mwenzake atasema jamaa "amekata kamba". Ukiziweka hizi zote chini ya kichwa kimoja, "maneno ya kufa", umesema ukweli na umemtega mtu. Hakuna Mswahili aliyefundishwa kutopeleka kamba msibani. Alikuwa amekaa kwenye mikeka ya misiba mingi, akasikia nani anasema nini, na akaona nani aliangaliwa kwa jicho baya. McCarthy na O'Dell wanajitahidi kuweka alama kwamba hili ni la mazungumzo, hili ni rasmi. Alama hiyo inasaidia, lakini si mkeka.

Kwa haki, walirudi. Mwaka 2002 wawili hao walitoa "English Idioms in Use", na safari hii nahau zilichaguliwa kwa kuangalia zile hazina za lugha halisi. Ni bora zaidi. Bado mpangilio ni uleule, kushoto na kulia, na bado mwanafunzi anaweza kukimaliza chote bila kujiuliza hata mara moja kama yeye ndiye mtu wa kuyatamka maneno haya.

Mtu ataniambia: wewe ni mwandishi, unataka Kiingereza cha juu, utakipataje bila nahau? Nilikuwa nikiamini hivyo. Mwaka uleule wa 1994 kitabu hiki kilipotoka, Abdulrazak Gurnah alichapisha "Paradise", riwaya ambayo leo tunaweza kuisoma kwa Kiswahili kama "Peponi", kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nimeisoma mara mbili kwa Kiingereza, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta misemo ya kuongeza kwenye kaunta buku langu. Niliambulia kidogo mno. Kiingereza cha Gurnah ni tulivu, maneno mengi ni ya kawaida, na pale wahusika wanapochambana ladha ya maneno yao ni ya pwani. Ukali wake uko kwenye kuchagua kitenzi sahihi na kujua nani anamwambia nani, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa mtoto wa rehani. Nilifunga riwaya nikiwa na ukurasa mtupu, na kwa mara ya kwanza ukurasa mtupu haukuniudhi.

Lakini sitaki nijifanye nimepona. Hili gonjwa la kurembesha liko hata kwenye Kiswahili chetu. Kasome insha za shule, zetu na za majirani zetu Kenya, uone jua linavyochomoza kwa tabasamu na ndege wanavyotumbuiza hata kwenye insha ya ajali ya basi. Mimi mwenyewe mhariri wangu bado hunifutia methali aya ya kwanza.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike alinitumia barua yake ya maombi ya kazi niipitie. Ilikuwa na nahau nne za Kiingereza kwenye ukurasa mmoja. Nilimpigia simu, nikamuuliza juu ya ile ya kwanza: nani ulimsikia akiisema, na alikuwa anamsema nani?

"Kaka, nimeitoa YouTube," akasema.

Ya pili, YouTube. Ya tatu, rafiki yake alimpa. Tukazifuta, na mahali pake akaandika kwamba kwa miaka 2 amekaa mapokezi kwenye zahanati, anapokea wagonjwa na kufunga hesabu za siku. Ya nne akagoma kuifuta. Alisema hiyo alimsikia bosi wake kwa masikio yake, akimsema mhasibu aliyeacha kazi ghafla.

Nikamwambia hiyo ni mali, ila si ya barua. Akaguna. Baadaye alinitumia picha ya daftari lake: ile nahau, na pembeni yake, kwa mwandiko mdogo, "bosi, kuhusu mhasibu, mlango umefungwa".