Mama Tembo Halindi Shamba

Kwa mkazi wa Mikumi, "hatari" ni neno la kazi. Limeandikwa kwenye nguzo za umeme, na usiku ndilo linalopigiwa kelele tembo akiingia kwenye mahindi. Mwongozaji wa Hollywood, Howard Hawks, alilichukua neno hilo, akaliongezea alama ya mshangao, akalipa filamu ya familia ya kuchekesha: Hatari!, iliyotoka 1962.

Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, kabla ya Uhuru. John Wayne anacheza kama kiongozi wa kundi linalokamata wanyama pori ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Kwa kuwa kifaru hafuati muswada, Hawks alipiga kwanza matukio ya kukimbiza wanyama, kisha hadithi ikashonwa kuyazunguka. Waigizaji walipanda magari wenyewe. Ndiyo maana sehemu hizo hazijachuja hadi leo: vumbi ni vumbi kweli, na hofu usoni mwa mtu hakufundishwa na yeyote.

Vichekesho vyenyewe vina tatizo. Dallas, mpiga picha anayeigizwa na Elsa Martinelli, analea ndama watatu wa tembo. Muziki wa Henry Mancini unawafanya watembee kama watoto wa chekechea. Warusha wanampa mgeni huyu jina la Mama Tembo, kisha wanarudi nyuma ya picha, wabebe na washangilie. Filamu yenye jina la Kiswahili haimpi Mswahili hata kisa kimoja cha kwake. Mwishoni ndama wanaingia chumbani kwa maharusi na kitanda kinavunjika. Tunatakiwa kucheka.

Nilicheka, nakiri. Ndama wale wanapendeza. Lakini kicheko hicho kinamfaa anayelala mbali na tembo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa 1964, miaka miwili baada ya filamu, na vijiji vya Kilosa vinavyopakana nayo vinajua kinachofuata ndama akikua. Huko watu hukesha wakipiga madebe na kuchoma pilipili, maana usiku mmoja unaweza kumaliza chakula cha mwaka.

Sisemi tembo wasichekeshe. Asubuhi, baada ya hasara kuhesabiwa, utasikia mtu akiigiza jinsi jirani yake shujaa alivyoacha kandambili shambani akakimbilia kwa mama mkwe. Watu wanacheka hadi machozi, huku wakijua gunia ngapi zimepotea. Kicheko hicho Hawks hakukikosa kwa ubaya. Hakukaa mahali kinapozaliwa. Alirudi Hollywood kumalizia filamu yake.

Sasa kamera zimo mifukoni mwetu. Ukiitazama Hatari!, jifunze kwake kumwacha mnyama awe mnyama. Kisha nenda Kilosa, mwachie mlinda shamba asimulie yeye.