Kusoma Machicha

Shangazi yangu wa Tanga akimaliza kukamua nazi huwa hajamaliza. Hukifungua kifumbu, mfuko wake wa ukindu wa kukamulia, akachota machicha kidogo, akayabana kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakitoa weupe, huyarudisha na kuongeza maji. Yakimomonyoka makavu, ndipo huwamwagia kuku. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa dukani, na sikuwahi kudhani kwamba anachofanya ni uhakiki.

Nilitambua siku niliyompelekea mashine ya juisi. Niliinunua Kariakoo, ya aina ya kasi, yenye mdomo mpana juu na ndoo ya plastiki nyuma. Nikaanza na karoti, ikatoka vizuri. Nikatia mafungu mawili ya mchicha. Mashine ikanguruma, glasi ikapata juisi ya kijani isiyofika nusu, povu limeifunika. Nikamkaribisha. Hakuipokea glasi. Alivuta ile ndoo ya nyuma, akatia mkono, akabana konzi moja ya majani yaliyochanikachanika, na maji ya kijani yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mwanangu," akasema, "hii bado haijakamuliwa."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma sentensi yake pamoja na mashine zenyewe, kwa jicho lilelile ninalosomea tenzi na riwaya. Wahakiki wa Kiswahili tuna jozi yetu ya maneno, fani na maudhui. Kwenye kitabu unaweza ukabishana siku nzima fani inaishia wapi na maudhui yanaanzia wapi. Kwenye mashine ya juisi hakuna ubishi: karoti zilezile, kutoka genge lilelile, zikipitishwa kwenye maumbo mawili hutoa vinywaji viwili. Anayetaka kununua na asome umbo kwanza, bei na rangi vitafuata.

Lugha yetu yenyewe imeshatenganisha kazi hizi. Tunakuna, tunasaga, tunaponda, tunachuja, tunakamua. Kukuna ni kuvunjavunja. Kuchuja ni kutenga. Kukamua ni kubana mpaka kilichomo kitoke, ndiyo maana nguo hukamuliwa, ng'ombe hukamuliwa, hata jipu hukamuliwa. Dukani kila chombo huitwa mashine ya kukamulia. Ukizifungua utakuta nyingine hazibani chochote.

Vua kifuniko cha mashine ya kasi utazame ndani. Chini kuna sahani ya chuma yenye vijino vingi, imeungana na kikapu cha wavu. Vyote viwili huzunguka pamoja, mara 6,000 hadi 14,000 kwa dakika kutegemea mashine. Karoti ikishukia meno hayo hukunwa papo hapo, chenga zake zikarushwa kwenye ukuta wa kikapu kwa nguvu ileile inayotoa maji kwenye nguo ndani ya mashine ya kufulia. Maji hupenya wavu, chenga hubaki. Katika umbo hili lote hakuna mahali ambapo kitu kinabanwa kati ya vitu viwili. Ni mbuzi ya nazi na chujio vilivyofungwa kwenye mota moja. Kifumbu hakimo.

Tazama tena ukuta wa kikapu hicho, maana hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye mashine nyingi za siku hizi ukuta umelala, juu mpana kuliko chini. Mlalo huo una kazi. Chenga zinazozunguka kwa kasi huukwea mpaka ukingoni, zikaruka na kutumbukia kwenye ndoo ya nyuma, na kwa hiyo unaweza kumaliza kilo kadhaa bila kusimama. Lakini mlalo uleule umefupisha muda ambao chenga ingekaa ukutani ikitoa maji. Zipo mashine, hasa za zamani, ambazo ukuta wa kikapu umesimama wima. Humo machicha hayana pa kukwea. Hukaa, huzunguka, hukauka, na kikapu kikijaa huna budi kuzima umeme na kuyachota kwa mkono. Pembe imebadilika kidogo tu, na tayari ni tungo mbili, kama vile mtunzi anavyopunguza mizani mbili katika kila kipande na shairi zima likabadili mwendo. Moja imechagua haraka, nyingine imechagua kukausha. Mwenye familia kubwa inayokunywa karoti na matufaha kila asubuhi hana kosa akichagua haraka.

Mchicha ndio unaoiumbua fani hii. Karoti huegemea meno kwa ugumu wake, lakini jani ni jepesi, linanesa, linateleza, linachanwa vipande na kurushwa likiwa bado na maji yake. Wazoefu huyavingirisha majani yakawa kama kibumba, wakayasukuma kwa kipande cha tango. Inasaidia kiasi. Ndiyo maji yale yaliyomchuruzika shangazi.

Aina ya pili haina meno ya kukunia. Ina skrubu nene, parafujo kama walivyozoea kuiita mafundi wa zamani, inayozunguka taratibu ndani ya mrija wenye matundu madogo, kiasi cha mara 40 hadi 110 kwa dakika. Itoe uilaze mezani uitazame ubavuni kama unavyotazama ubeti kabla hujausoma. Mwanzoni, mahali jani linapoingilia, nafasi kati ya wimbi na wimbi ni pana. Kadiri unavyoelekea mwisho nafasi hizo zinabanana na shina la skrubu linanenepa. Jani husukumwa mbele kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba, na mwishoni kabisa kuna kitundu kidogo cha kutokea machicha, ambapo msongo ni mkali kuliko kote. Juisi haina pa kwenda isipokuwa kwenye matundu ya mrija. Ukoo wa umbo hili tunaujua: mashine ya mkono ya kusagia nyama, inayofungwa pembeni mwa meza. Na zipo za juisi za mkono vilevile, za skrubu na mpini, ambazo mwenye fungu moja la majani kwa siku hahitaji zaidi ya hizo.

Hapa ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapompoteza msomaji. Ya kasi huandikwa wati 800 au 1,000, ya skrubu wati 150 au 200, na mteja huona amepunjwa. Lakini mota ya skrubu imefungiwa gia zinazopunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kusukuma, kama baiskeli iliyowekwa gia nyepesi mlimani: miguu inazunguka sana, gurudumu linakwenda polepole, na mlima unapandika. Wati inakueleza umeme unaoliwa. Haikuelezi kama kuna kinachobanwa.

Neno la pili la boksi la skrubu ni "baridi". Hutangazwa kana kwamba mashine ya kasi huipika juisi. Mashine hiyo huongeza nyuzi chache tu za joto katika kipindi kifupi inachofanya kazi. Tofauti unayoweza kuiona kwa macho ni hewa. Kikapu kinachozunguka kwa kishindo hupiga hewa ndani ya juisi, ndipo linapotoka lile povu, na juisi ya tufaha hugeuka kahawia mapema. Iache mezani kidogo itajitenga. Ya skrubu nayo hujitenga, lakini hukawia. Kama nyumbani juisi hukamuliwa na kunywewa palepale, neno "baridi" lisikuongezee hata shilingi moja.

Fani iliyo wazi kupita zote naiona Forodhani, Unguja, kwa wakamuaji wa miwa. Magurudumu ya chuma yamesogezwa yakakaribiana, na unayaona. Muwa huingia mviringo ukatoka bapa. Mkamuaji huukunja mara mbili, akatia kipande cha ndimu na tangawizi katikati ya mkunjo, akaupitisha tena, na tena, mpaka mabaki yanatoka kama utepe uliochakaa. Mteja hasomi boksi lolote. Anautazama utepe.

Huko Marekani, miaka ya 1930, Norman Walker, mtu aliyehubiri juisi ya mboga mbichi kwa miaka mingi, alibuni mashine inayofanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza husaga mboga ikawa rojo, kisha rojo hufungwa kwenye kitambaa na kubanwa kwa shinikizo. Mashine hiyo, Norwalk, imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, na wapenzi wa juisi huitaja kwa heshima kubwa. Isome hatua kwa hatua: kuna chombo cha kuvunja, kisha kuna mfuko wa kubana. Ni mbuzi na kifumbu. Sisemi kwamba aliiga Pwani. Nasema aliyesuka kifumbu cha ukindu na aliyechonga chuma cha Norwalk walifikia muundo uleule kwa sababu tunda lenyewe ndilo lililowaongoza.

Linganisha na Juicero, mashine iliyoingia sokoni Marekani mwaka 2016 kwa dola 699. Ilikuwa nyeupe, laini, na imeunganishwa na intaneti. Haikupokea tunda. Ilipokea mifuko maalumu iliyofungwa, yenye matunda na mboga zilizokwisha kukatwakatwa, ikaibana. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg walionyesha kwamba mfuko huo ukiminywa kwa mikono miwili hutoa juisi karibu sawa na ya mashine, na Septemba mwaka huohuo biashara ilifungwa. Wengi waliongelea bei. Mimi naona kasoro ya fani: machicha yalibaki ndani ya mfuko uliofungwa. Mnunuzi alinyimwa kitu pekee ambacho kingempa uwezo wa kuhukumu kazi.

Na kuna kikamulio cha ndimu cha Philippe Starck, Juicy Salif, kilichotolewa na kampuni ya Alessi ya Italia mwaka 1990. Ni alumini, miguu mitatu mirefu, kichwa chenye mifereji kinachochongoka kama ngisi aliyesimama, urefu wa sentimita 29. Kimehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Mifereji yake ni mizuri kwelikweli: juisi hufuata mfereji mpaka kwenye ncha na kudondoka kwenye glasi iliyowekwa chini. Lakini hakina chujio, kokwa hudondoka pamoja na juisi. Nakipenda kama ninavyopenda shairi lenye sauti tamu na hoja hafifu. Jikoni kwangu nisingekiweka.

Hata umbo bora lina mipaka ambayo tunda huiweka. Ndizi na parachichi hazina juisi ya kukamua. Embe bivu na papai hutoka rojo, zikaziba matundu. Hizo ni za blenda, na mwenye kupenda juisi nzito ya parachichi hana sababu ya kuiacha blenda yake. Pasheni haihitaji mota: kijiko, chujio na subira vinatosha, maana mbegu zikisagwa huacha vidoa vyeusi na ukakasi. Na kisamvu kisiingizwe kabisa. Majani mabichi ya muhogo yana kemikali inayozalisha sianidi, ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Mchicha nao, pamoja na spinachi, una oksaleti nyingi, na mwenye historia ya mawe ya figo asinywe glasi kubwakubwa kila siku kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kwa waliokwisha kuamua skrubu, imebaki kusoma mkao. Iliyosimama wima huchukua nafasi ndogo na hujivutia tunda yenyewe kuelekea chini. Lakini machicha hulazimika kupinda ili yatoke, na nyuzi ndefu za tangawizi, moyo wa nanasi na vikonyo vya mboga hujizungusha kwenye skrubu na kuikwamisha zisipokatwa fupi. Iliyolala hutaka meza na hutaka usukume kwa mkono, ila njia yake ni moja kwa moja, machicha hutokea mbele, usoni pako. Kwa majani nachagua iliyolala bila kusita.

Kabla ya kulipa, omba ule mrija wa matundu, uinue uelekeze kwenye mwanga. Humo ndimo utakamosugua kwa brashi kila siku, na nyuzi zikikaukia humo ndani hazitoki kirahisi. Mrija ambao brashi haiufikii mwisho utakufanya uiweke mashine juu ya kabati kabla mwezi haujaisha.

Safari iliyofuata nilirudi kwa shangazi nikiwa na iliyolala. Shangazi alivuta kigoda akaketi upande wa mdomo wa machicha, si upande wa glasi. Mchicha uliingia fungu zima na vikonyo vyake, skrubu ikaupokea bila kelele, na kitu kama kamba ya kijani kikaanza kutoka polepole, kikikatika chenyewe vipande. Alikata kipande kimoja, akakibana, akafungua vidole akakitazama kiganja. Palikuwa na unyevu, hapakuwa na tone. Akakikusanya kilichobaki kwenye upawa, akatoka nao uani akiwaita kuku.