Nyumba Isimame, Gari Litembee: Mbinu ya Wajenga Uzio wa Australia

Moto wa tarehe 7 Februari 2009 katika jimbo la Victoria, Australia, uliua watu 173, ukateketeza nyumba zaidi ya 2,000 na kuunguza hekta zipatazo 450,000. Magazeti yalijaa picha za nyumba na misitu iliyogeuka majivu, lakini kwa mfugaji aliyebakiwa na mifugo, balaa la wiki iliyofuata lilikuwa uzio. Ng'ombe hana wa kumzuia asiingie barabarani usiku, kondoo wanachanganyika na wa jirani, na majani yanayochipua baada ya mvua ya kwanza yanaliwa kabla mizizi haijapata nguvu. Kevin na Rhonda Butler, wafugaji wa Kilmore East, walikuwa miongoni mwa waliopoteza sehemu kubwa ya uzio wao. Ndugu, marafiki na watu wa kujitolea wa eneo hilo waliwasaidia kuujenga upya kwa muda uliozidi wiki moja kidogo tu, nao wakaamua kurudisha fadhila kwa wafugaji wengine. Ndivyo ilivyozaliwa BlazeAid. Tangu hapo imeyafuata maeneo yaliyopigwa na moto na mafuriko, ukiwemo moto wa msimu mbaya wa 2019 na 2020, na mhimili wa nguvu kazi yake ni wastaafu wanaoizunguka nchi wakivuta karavani.

Wanaoisifu BlazeAid huusifu moyo wake, na moyo huo upo, tena mkubwa. Lakini moyo peke yake hauelezi jinsi mamia ya watu wasiofahamiana, wenye umri wa miaka sitini na sabini, wanavyoweza kufika mahali pasipo na vyumba vya kulala, wakakaa wiki au miezi, na kila asubuhi wakawa shambani na koleo mkononi. Jibu liko kwenye mpangilio wa magari. Jumuiya hii haikuhitaji kumiliki msururu wa mabasi wala mabweni. Ilichofanya ni kutenganisha vitu viwili ambavyo msafiri wa kawaida huviunganisha: nyumba na chombo cha kutembelea. Karavani inafika kambini, inafunguliwa kutoka kwenye gari, inasimama. Gari lililoivuta sasa ni jepesi na huru kwenda kazini. Mengine yote yamesimama juu ya msingi huo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya mbinu ambayo imechunguzwa kidogo kuliko inavyostahili.

Kwa nini kutenganisha huku kuwe na uzito? Kwa sababu safari yenyewe ndiyo inayochosha chombo kuliko kitu kingine. Magari mengi makubwa yanayotumika kuvuta karavani Australia, ikiwemo Toyota LandCruiser ambayo msomaji wa Arusha au Nanyuki anaifahamu vizuri, yameidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500. Kwa kanuni ya kawaida, kama asilimia kumi ya uzito huo hukaa kwenye mpira wa kuvutia nyuma ya gari, yaani kilo 350 zinazokandamiza ekseli ya nyuma kabla hujahesabu abiria, jeki, spana, friji ndogo na tangi la ziada la mafuta. Ongeza maji ya kunywa, kilo moja kwa kila lita, na utaona jinsi wazee wawili waangalifu wanavyoweza kuuvuka uzito ulioruhusiwa bila kujua. Uzito huo ukipita kwenye barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo mfululizo, shokamzoba zinachemka, bolti zinalegea, beringi za magurudumu ya karavani zinakosa grisi. Kila kilomita inayoepukwa huku karavani ikiwa imefungwa nyuma ni hatari iliyopunguzwa. Kambi inayokaa mahali pamoja kwa miezi, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo au uwanja wa michezo wa mji mdogo, inampunguzia mtu wa kujitolea sehemu ya safari inayovunja vyombo.

Matairi yanastahili kutajwa peke yake. Tairi la karavani mara nyingi halifi kwa kulika, linakufa kwa uzee. Jua linaukausha mpira, karavani inakaa imeegeshwa miezi mingi juu ya alama ileile, na siku ya safari tairi lenye kashata nzuri kabisa linapasuka. Ndiyo maana mwenye kujua huangalia tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: 2319, kwa mfano, ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wanunuzi wa matairi ya mitumba wanapaswa kuijua tarakimu hiyo kuliko mtu yeyote.

Shambani hatari inabadilika sura. Ardhi iliyoungua imejaa visiki vya miti midogo vilivyochongoka, nguzo za chuma zilizokatika karibu na udongo, na vipande vya waya vilivyofunikwa na majivu. Dereva aliyezoea mchanga hupunguza upepo ili tairi litandae na lisizame. Kwenye visiki ushauri huo unamgeuka, maana tairi lenye upepo kidogo linavimba ubavuni, na ubavu ndio sehemu nyembamba, isiyozibika kwa kiraka cha kuaminika. Pancha ya kwenye kashata inazibwa palepale na kazi inaendelea. Ubavu ukichanika, tairi limekwisha. Waya mzee nao hujisokota kwenye shafti na kukata mpira wa breki. Majani makavu yakinasa karibu na ekzosi yenye joto yanaweza kuwasha moto mwingine katika eneo ambalo halijamaliza kuuguza majeraha ya ule wa kwanza. Kwa hiyo utaratibu wa kwanza shambani unapaswa kuwa wa gari kabla ya uzio: liegeshwe kwenye ardhi tupu, mtu mmoja ashuke atembee mbele pale njia isipoonekana, na waya wa zamani ukusanywe kabla magari hayajapita. Kazi hiyo ya kusafisha, ambayo haipigwi picha, ndiyo inayookoa matairi ya miezi inayofuata.

Hapa ndipo mgawanyo wa kazi wa BlazeAid unapoonyesha thamani yake. Watu wanatoka kambini kwa vikundi vidogo, kila kikundi kikiwa na kiongozi na shamba lake, na zana zimewekwa kwenye tela maalumu. Asubuhi wamekula kambini, mchana wamebeba chakula, jioni wanarudi mezani pamoja. Gari moja likikwama kwenye matope au likichemka, watu wake wanaingia kwenye la jirani. Zana hazimo kwenye gari lililoharibika, zimo kwenye tela, na tela linaweza kufungwa nyuma ya gari jingine. Nyumba ya mwenye gari haijaguswa. Linganisha na msafiri mwenye gari ambalo ndilo hilohilo nyumba yake: gia ikifa, amepoteza kwa mpigo kitanda, jiko na usafiri, na kikundi kimepoteza mtu kwa muda wote ambao spea inasubiriwa kutoka mjini. Na spea husubiriwa kweli, kwa kuwa mji mdogo uliotoka kuungua una gereji chache, nazo zina foleni ya matrekta na pampu za wenyeji ambao hawana budi kuhudumiwa kwanza.

Wapo wanaopinga. Hoja ya kwanza, ambayo husemwa kwa nguvu, ni kwamba mkandarasi mwenye trekta la kupigilia nguzo angejenga kwa siku moja uzio ambao wazee wanane wanaujenga kwa wiki. Ni kweli kwa kipande kimoja cha uzio. Si kweli kwa wilaya nzima wakati mashamba yote yameungua siku moja: wakandarasi hawatoshi, bei inapanda, na bima ya wafugaji wengi haiufikii uzio kikamilifu. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mashine. Kung'oa nguzo zilizoungua, kukata waya, kuukunja na kuutoa ni kazi ya mikono mingi. Waya uliopitiwa na moto hauwezi kuachwa eti kwa sababu bado umesimama, kwani tabaka la zinki limeharibika na kutu itaula upesi. Nguzo za mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki huendelea kufukuta polepole hata moto ukishapita, na majivu yake ni sumu, ndiyo maana glavu na barakoa si pambo. Mkandarasi akiukuta mstari umeshasafishwa, muda wake wa gharama kubwa anautumia pale tu panapohitaji trekta.

Hoja ya pili inahusu ubora: watu wasio mafundi watajenga uzio legevu. Jibu limo kwenye umbo la uzio wenyewe. Nguvu yote ya waya inabebwa na nguzo kuu za mwisho na za kona, na hizo zikiwekwa vibaya uzio mzima utalala. Basi nguzo hizo apewe mwenye ujuzi, awe mfugaji mwenyewe au mstaafu aliyefanya kazi hiyo miaka yake yote, na wengine wapigilie nguzo za chuma za katikati, wavute waya, wafunge vifundo. Kazi hizi hujifunzwa asubuhi moja. Miongoni mwa wastaafu hawa hukosi mchomeleaji, dereva wa lori au fundi magari, na kambi yenye watu hao inatengeneza mengi kabla ya kuita gereji.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na siwezi kuipangua yote. Mpangilio huu ni wa bei nafuu kwa taifa kwa sababu sehemu kubwa ya gharama inabebwa na mtu binafsi. Karavani ni yake, tairi ni lake, na mara nyingi dizeli ni yake. Mwenye pensheni ndogo hufika mara moja, akapoteza tairi mbili, asirudi tena. Mwaka 2020 serikali ya Australia ilikubali kazi ya kujitolea kwenye maeneo yaliyoungua ihesabiwe kwa vijana wageni wenye viza ya likizo na kazi wanaotaka kuongezewa mwaka, na vijana hao walileta nguvu iliyohitajika sana. Lakini kijana wa namna hiyo mara nyingi huendesha gari kuukuu alilonunua kwa bei ya chini, na mzigo wa kuharibikiwa unamwangukia yeye pia. Wengine husema basi watu walazwe hotelini na kupelekwa kwa mabasi. Baada ya moto vyumba vilivyobaki mjini ni vya familia zilizopoteza makao, na basi haliingii kwenye njia ya shamba. Nyumba ya magurudumu inabaki kuwa jibu bora. Linalotakiwa kubadilika ni nani anayeigharimia.

Kwa hiyo jimbo au mfuko wowote wa maafa unaohesabu saa za watu hawa kama mchango wake uweke fungu la dizeli, matairi na matengenezo, lilipwe kambini baada ya fundi kulikagua gari, bila fomu za kurasa kumi. Ukaguzi uwe wa kweli: tarakimu za tairi, beringi, breki za karavani, uzito. Nanyi mnaochangia chakula na nguo kila moto unapowaka, mwulizeni msimamizi wa kambi ni magari mangapi yamesimama kwa kukosa tairi, mnunue hilo kwanza.