Pongezi kwa Walimu wa Ziara

Kabla masika hayajashika, mabasi ya shule hupanga foleni nje ya Fort Jesus, Mombasa. Watoto hushuka wawili wawili, wameshikana mikono, na mwalimu huwahesabu. Atawahesabu tena getini, tena kwenye mizinga, tena wakati wa kula. Hesabu hiyo ndiyo ninayoipongeza kwanza, maana kila namba ni mtoto wa mtu.

Kitabuni ngome ni mistari michache: Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaizingira 1696 na kuitwaa 1698. Hapa mtoto wa gredi ya nne anaweka kiganja kwenye ukuta wa matumbawe na kuuliza, "Mwalimu, waliozingirwa walikunywa maji gani?" Mwalimu anampeleka kwenye birika la kale la kukusanyia maji ya mvua. Swali kama hilo darasani halizaliwi kirahisi.

Na kabla ya safari kulikuwa na barua kwa wazazi, na nauli za wasiojiweza ambazo walimu wengi huchangiana kimyakimya. Mungu awazidishie.

Jioni basini watoto wamelala, vichwa vimeegemeana. Mwalimu yuko macho, orodha ya majina mapajani, anahesabu.