Nani Anamlaza Mgeni?

Tamasha la Tumaini halitozi kiingilio. Unapanda minibasi Lilongwe, Malawi, unakwenda kaskazini kilomita arobaini na kitu hadi wilaya ya Dowa, unashuka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na kuingia bure kwenye muziki, ngoma, maigizo, mashairi na kazi za mikono. Lilianzishwa mwaka 2014 na Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki wa Kongo anayejulikana zaidi kwa jina la Menes La Plume, ndani ya kambi aliyofikia yeye mwenyewe kama mkimbizi. Leo linavuta makumi ya maelfu ya watu. Mfanyabiashara wa mtaa wa Chinsapo, Lilongwe, anayejua hesabu zake ana haki ya kuuliza: kama mlangoni hakuna anayelipa, kambi inapata nini?

Jibu langu ni kwamba kambi inapata usiku. Kati ya yote yaliyobuniwa katika tamasha hili, lililofikiriwa kwa kina kuliko mengine ni mpango wa kuwalaza wageni katika nyumba za wakimbizi. Ili uone uzito wake, inabidi kwanza tuzungukie Florida, Marekani, ambako kampuni mbili tajiri za burudani zimegombania usiku wa mgeni kwa zaidi ya miaka 30.

Ugomvi huo mizizi yake iko California. Walt Disney alipofungua bustani yake ya burudani, Disneyland, mjini Anaheim, Julai 1955, mtaji ulikuwa umemwishia. Hata hoteli iliyobeba jina la bustani yake ilijengwa na mtu mwingine, Jack Wrather, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, na kampuni ya Disney ilikuja kuimiliki mwaka 1988. Nje ya uzio, mashamba ya michungwa yaligeuka kuwa moteli na migahawa. Mgeni alishinda kwa Disney mchana kutwa, na jua lilipozama alitoka getini na pochi yake, akaenda kula na kulala kwa watu ambao hawakutia hata senti katika kitu kilichomleta Anaheim.

Disney hakukubali jambo hilo limpate mara ya pili. Kati ya 1964 na 1965 kampuni yake ilinunua ardhi karibu na Orlando kimyakimya, kwa majina ya kampuni ndogondogo kama Tomahawk Properties na Reedy Creek Ranch, ili wauzaji wasijue mnunuzi ni nani. Ilipata eka 27,000 na ushei, kwa wastani wa chini ya dola 200 kwa eka. Gazeti la Orlando Sentinel lilipofichua siri hiyo Oktoba 1965, bei za ardhi ya jirani zilipaa, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Walt alifariki Desemba 1966. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilitunga sheria iliyounda wilaya maalumu ya Reedy Creek, na kampuni ikapata mamlaka ya kujenga barabara na mifereji, kuendesha zimamoto, na hata kujikagulia majengo yake.

Ardhi yote hiyo ya nini, wakati bustani yenyewe inakaa kwenye kipande kidogo tu? Ilikuwa ya kuweka umbali. Walt Disney World ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ilikuwa na hoteli zake mbili tayari, Contemporary na Polynesian, na treni ya reli moja ilipita katikati ya jengo la Contemporary. Moteli ya mtu mwingine ilikuwa mbali, ng'ambo ya misitu na mabwawa. Mgeni akiamka yumo kwa Disney, akitaka chai yumo kwa Disney, na akichoka saa tano usiku bado yumo kwa Disney.

Mwaka 2005 mbinu hiyo ilifika hadi uwanja wa ndege. Mgeni wa hoteli za Disney alitumiwa lebo za mizigo kabla hajaondoka kwake. Akitua Orlando alipanda basi la bure, na masanduku yake yakamfuata hadi chumbani bila yeye kuyagusa. Ulikuwa ukarimu wa kweli, na familia nyingi ziliupenda. Lakini aliyekuja kwa basi hakukodi gari, na asiye na gari hawezi kuamka Jumatano akasema leo twende kwa jirani. Huduma hiyo ilidumu hadi mwisho wa 2021.

Jirani mwenyewe ni Universal. Alifungua bustani yake ya sinema tarehe 7 Juni 1990, mwaka mmoja baada ya Disney kufungua ya kwake yenye wazo lilelile. Siku ya kwanza mitambo ilikwama mbele ya umati, na safari ya papa wa filamu ya Jaws ilisumbua kiasi kwamba ilibidi ijengwe upya, ikarudi mwaka 1993. Kasoro iliyomgharimu zaidi haikuwa ya mitambo, maana mitambo hurekebishika. Universal alikuwa na eneo dogo lililobanwa na jiji, na hakuwa na hoteli ndani ya eneo lake hadi 1999, alipofungua Portofino Bay na bustani ya pili, Islands of Adventure. Kwa miaka tisa Disney ndiye aliyemlaza mgeni, na Universal alimwazima kwa siku moja.

Harry Potter ndiye aliyeigeuza hesabu. Kijiji chake kilifunguliwa katika Islands of Adventure Juni 2010. Kwa makadirio ya wataalamu wa sekta hiyo, bustani hiyo iliyokuwa na wageni wapatao milioni 4.6 mwaka 2009 ilipata karibu milioni 5.9 mwaka 2010, na milioni 7.7 mwaka 2011. Watu huzungumzia ngome na fimbo za uchawi. Mimi naitazama zaidi hatua iliyofuata, ya mwaka 2014. Universal alijenga sehemu ya pili ya hadithi hiyohiyo, lakini aliiweka katika bustani ile nyingine na kuziunganisha mbili hizo kwa treni, ambayo huwezi kuipanda bila tiketi ya bustani zote mbili. Mtoto aliyesoma vitabu hawezi kuiona nusu ya hadithi akatulia. Siku moja haitoshi tena, na siku ya pili inadai kitanda. Universal alikuwa na vitanda wakati huo, na wanaolala katika hoteli zake za juu aliwapa haki ya kuruka foleni bila malipo ya ziada. Bustani yake mpya, Epic Universe, iliyofunguliwa tarehe 22 Mei 2025, ina hoteli iliyojengwa kwenye ukingo wake, yenye mlango wa kuingilia bustanini.

Disney alijibu kwa maeneo ya Avatar mwaka 2017 na Star Wars mwaka 2019. Kisha Machi 2022 alifanya jaribio ambalo mtu yeyote wa matamasha anapaswa kulisoma. Alifungua Galactic Starcruiser, hoteli ya vyumba 100 iliyofanana na chombo cha angani. Humo kulala kwenyewe ndiko kulikuwa onyesho. Ulikaa siku mbili usiku na mchana ukiwa ndani ya hadithi, waigizaji wakikujua kwa jina na chakula kikiletwa na watu wa sayari nyingine. Watu wawili walilipa karibu dola 4,800. Mwishoni mwa Septemba 2023 ilifungwa. Wazo lilikuwa sahihi: usiku unaweza kuwa ndiyo burudani kuu. Kilichokosekana ni njia ya kuufanya usiku huo usigharimu kiasi kile, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa cha kutengenezwa, kuanzia kuta hadi mazungumzo.

Turudi Malawi. Matamasha ya kando ya Ziwa Malawi yanaeleweka vizuri kwa kipimo hikihiki cha nani anamlaza mgeni. Lake of Stars, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mwingereza Will Jameson, lilianzia Chintheche, wilaya ya Nkhata Bay, na kwa miaka tofauti limefika Salima na Mangochi. Sand Music Festival, la kampuni ya Impakt ya marehemu mwanamuziki Lucius Banda, nalo limewinda mchanga huohuo wa ziwa na msimu unaokaribiana. Yote mawili yana tiketi, wasanii wakubwa na hoteli ya ufukweni. Mgeni anayeweza kulipa analala hotelini, na wengine wanapiga mahema. Kijiji cha jirani kinauza samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, na kuni. Silaumu, kwani ufukwe bila hoteli hauwezi kubeba umati wa namna hiyo. Lakini pesa ya usiku inaingia mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa na pesa kabla ya tamasha.

Dzaleka haina ziwa wala hoteli. Enzi za Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza walikofungwa wapinzani wake. Kambi ilianza mwaka 1994, ikitarajiwa kubeba watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamepita 50,000, wengi wao Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali. Malawi ilijiunga na mkataba wa wakimbizi mwaka 1987 ikiwa imeweka pingamizi kuhusu kazi, elimu na uhuru wa kwenda utakako. Mwaka 2021 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na Mei 2023 amri hiyo ikatekelezwa kwa nguvu. Waliokuwa na maduka mitaani Lilongwe wanajua ilivyokuwa. Mtu aliyezoea kumfuata mteja aliambiwa akae sehemu moja.

Ndiyo maana naona Dzaleka imeigeuza mbinu ya Orlando juu chini. Kule mwenye mali anatumia umbali ili mgeni asitoke. Hapa aliyezuiwa kutoka ni mwenye nyumba, kwa hiyo tamasha linamleta mteja hadi mlangoni kwake. Kiingilio cha bure ni sehemu ya hesabu hiyo. Kama getini wangekusanya kwacha, pesa ingefika kwanza kwenye meza moja, halafu mtu aamue igawanywe vipi. Ukimwachia mgeni pesa yake mfukoni, ataigawa mwenyewe: chapati hapa, kahawa ya Kihabeshi pale, kitenge kwa fundi, nywele kwa msusi.

Kitanda kinakamilisha mzunguko huo. Mgeni hujiandikisha kwa waandaaji, hupangiwa familia na kulipia kulala na kula. Mama aliyepokea mgeni hawezi kuikalia pesa hiyo. Ananunua sombe kwa jirani, samaki sokoni, makaa kwa muuzaji wa makaa, na unga wa bukari. Kijana wa nyumba anamsindikiza mgeni hadi jukwaani na kumrudisha usiku. Asubuhi kuna chai na mandazi, na mazungumzo yanayomfanya mgeni akumbuke jina la nyumba ile kuliko jina la msanii aliyefunga jukwaa. Usiku ambao Disney alishindwa kuuza kwa dola 4,800 unauzika Dzaleka kwa bei ya mtu wa kawaida, kwa kuwa hakuna aliyelipwa kuigiza. Watu wanaishi pale.

Wapo wanaosema huku ni kuwaonyesha watu umaskini wao. Hofu hiyo naiheshimu, na ningekuwa nayo kama mgeni angepitishwa kwa basi, akapiga picha na kuondoka. Anayekaribishwa mezani yuko katika hali nyingine kabisa. Anakula alichopikiwa na analala alipoonyeshwa, na taratibu za nyumba si zake. Kwa siku mbili mkimbizi ndiye anayetoa, na mbele ya majirani wote. Watu waliozoea kusimama kwenye foleni ya mgao wanajua thamani ya jambo hilo, nami sioni hoteli ya ufukweni inayoweza kulitoa.

Udhaifu wa mpango uko kwenye wingi wa siku. Orlando inauza usiku mwaka mzima, Dzaleka inauza wa wikendi moja, mara nyingi mnamo Novemba, mvua zikianza kunukia. Kati ya makumi ya maelfu wanaofika, wengi wanarudi Lilongwe na minibasi za jioni. Ningekuwa na sauti kwa waandaaji ningeanza na ratiba kabla ya kuongeza majukwaa. Msanii anayengojewa na wote asipande saa kumi alasiri, apande saa nne usiku, ili aliyetoka Chinsapo alazimike kuamua mapema kama atalala. Jumapili asubuhi iwe na kitu kisichopatikana Jumamosi, kwaya za makanisa ya kambini kwa mfano, ambazo zingejaza uwanja bila kuongeza gharama kubwa. Na familia zilizokwisha kupokea wageni ziruhusiwe kuwapokea hata Machi au Julai, kwa wikendi ndogo ya ushairi au ngoma, kwa orodha ileile ya nyumba na utaratibu uleule wa malipo. Vyombo, magodoro na uzoefu wa kupokea wageni viko kambini tayari. Kinachohitajika ni kibali na tarehe.