Sevo Haijui Kama Rubani Amepotea

Tarehe 3 Desemba 2013, MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilizindua mjini Goma droni aina ya Falco, zilizotengenezwa na Selex ES ya Italia, ili zifuatilie nyendo za makundi yenye silaha Kivu Kaskazini. Masafa ya mawasiliano yaliyotangazwa yalizidi kilomita 200, na Rutshuru iko kilomita 60 hivi tu kutoka Goma kwa mstari ulionyooka. Ila mstari huo unapita kwenye mwanya ulio kati ya Nyiragongo (mita 3,470) na Mikeno (mita 4,437), na mawimbi ya droni hayatoboi mlima. Chombo kikishuka nyuma ya Nyiragongo kimefichika, hata kama kiko kilomita 30 tu. Kwa hiyo anayerusha chombo cha redio upande ule hana budi kuhesabu kwamba mawimbi yatakatika. Linalobaki ni chombo chenyewe kitalijuaje hilo.

Jibu jepesi ni kuitazama sevo, ile mota ndogo inayogeuza usukani. Sevo ya kawaida hupata pigo la umeme kila milisekunde 20: pigo la milisekunde 1 huupeleka mkono wake upande mmoja, la 2 upande wa pili, la 1.5 katikati. Basi pigo lisipofika, si mawimbi yamekatika? Katika mitambo ya zamani ya FM kipimo hicho hakikutosha, kwa kuwa kelele za redio zilijigeuza mapigo na sevo ikatetemeka kwa amri isiyotoka kwa mtu. Vipokezi vingi vya kidijitali vina kasoro ya kinyume: vikipangwa kurudia amri ya mwisho, sevo huendelea kupata mapigo safi wakati usukani hauna mwenyewe. Ndiyo maana inafaa upotevu wa mawimbi ugunduliwe ndani ya kipokezi, kabla pigo halijatengenezwa. Kila ujumbe wa redio ubebe namba ya uhakiki inayotokana na yaliyomo ndani yake, kipokezi kiikokotoe upya na kuilinganisha, na muda uhesabiwe tangu ujumbe halali wa mwisho. Ujumbe ulioharibika uhesabiwe kuwa haukufika.

Mpinzani atasema ukali huo utaifanya droni idhani imempoteza rubani na kurudi kituoni kila inapopita kivuli cha kilima. Hoja ina uzito, na dawa yake ni kupima muda. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, chombo huenda mita 28 kwa sekunde. Kushikilia amri ya mwisho kwa robo sekunde ni mita 7 tu. Lakini ikiwa amri hiyo ilikuwa ya kulaza bawa, kuishikilia sekunde 10 ni kuzunguka huku kikishuka. Basi kishikilie kidogo, kisawazishe mabawa, ndipo kirudi. Mwingine atasema GPS na mfumo wa kujiendesha vinamaliza kazi. Havimalizi: mfumo huo nao husubiri kuambiwa kwamba rubani hayupo, na ukiambiwa bila kupewa mwinuko, unaweza kushika njia fupi ya kurudi Goma, yaani ubavu wa Nyiragongo. Amri ya kupanda kwanza, kisha kufuata mwanya, huandikwa kabla ya kuruka. Huko nyuma ya mlima hakuna wa kuulizwa.