Ripoti Isiyo na Wakati Uliopita

Ripoti ya ekografi haina mtenda. Bandama “imeongezeka”, kivimbe “kinaonekana”, anayeona hatajwi. Hapa Goma huandikwa kwa Kifaransa, nusu ukurasa hivi, kisha mkazi wa mtaa wa Katoyi husimuliwa yaliyomo kwa Kiswahili, mara nyingi sehemu ya mwisho tu: hitimisho.

Ni hasara, kwa sababu uzito wa maandishi haya uko katikati, penye vivumishi. Hemanjioma, kivimbe cha mishipa ya damu kinachoongoza kati ya vile visivyo saratani ndani ya bandama, mara nyingi huelezwa kuwa cha mviringo, chenye kingo laini, cheupe kuliko nyama inayokizunguka. Hamartoma, kivimbe kingine kisicho saratani, aliyoieleza mwanapatholojia Rokitansky mwaka 1861, ni janja zaidi: rangi yake yaweza kulingana na ya bandama yenyewe, ikafichuliwa na ukingo uliobenuka tu, au na kipimo cha Dopla kikionyesha damu tele. Lakini limfoma, ambayo ni saratani, nayo yaweza kuazima baadhi ya vivumishi hivyo. Basi mwandishi anayeruka kutoka “kivimbe” hadi “saratani” ameandika hitimisho ambalo aya zake haziwezi kulibeba. Gharama yake si ya kimtindo: hitimisho hilo laweza kufanya bandama itolewe, na aliyetolewa bandama hushambuliwa kwa urahisi zaidi na malaria kali na bakteria wa nimonia.

Nyuma ya ripoti hii kuna umbo la zamani. Mwaka 1944 mtaalamu wa malaria Hackett alipanga bandama kwa madaraja, 0 hadi 5, mkono ukipapasa imeshuka kiasi gani kuelekea kitovuni na kukipita. Mkutano wa Kampala wa 1950 ukatumia uwiano wa watoto wenye bandama iliyovimba kuainisha maeneo ya malaria. Umbo hilo husoma ukubwa peke yake. Limetuachia mazoea: bandama kubwa haimshangazi mtu, doa dogo ndani yake hutia kiwewe.

Ripoti ya leo nayo mara nyingi haina wakati uliopita. Kivimbe kisicho na madhara hujitambulisha zaidi kwa kutobadilika, ilhali hakuna mstari unaouliza mwaka jana kilikuwaje. Na katika mji ambao sehemu yake iliamriwa kuhama ghafla Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, nani alikumbuka kubeba picha ya tumbo? Ningependa hitimisho la namna hii: kivimbe kimoja, sentimita 2, kingo laini; aina yake haijulikani kwa picha hii; mgonjwa hana homa wala hajakonda; kipimwe tena baada ya miezi 6, na karatasi hii iletwe.